Gari Linapotetemeka Likiwa Limesimama

Katika kurasa za jarida hili mmezoea kukutana na ngeli, methali, mashairi na insha za kusisimua. Mwaka huu naomba nafasi kidogo niwapeleke gereji. Msicheke. Chama chetu ni cha Kiswahili, na Kiswahili kinazungumzwa chini ya boneti kila siku kuanzia Isebania hadi Mbita, tena kwa ufasaha ambao baadhi yetu hatujaufikia darasani.

Somo langu ni ugonjwa mmoja ambao karibu kila mwenye gari kubwa la familia ameuonja. Gari limesimama, injini inawaka, hakuna aliyekanyaga mafuta, na bado usukani unatetemeka, viti vinatikisika, kioo cha pembeni kinacheza hata humwoni anayekufuata. Ukikanyaga mafuta, yote yanatulia na gari linakwenda kama halina neno. Ukisimama tena kwenye matuta ya Rongo au Awendo, au kupisha trela linaloelekea mpakani, linaanza upya. Hali hiyo ya injini kuwaka bila gari kwenda, mafundi wetu huiita aidolingi. Nami nitalitumia neno hilo hilo, kwa sababu ndilo litakaloeleweka ukifika gereji.

Kwa nini nilichague jambo hili? Kwa sababu ni ugonjwa unaokula karo. Magari haya, RAV4, X-Trail, Forester, Prado na ndugu zao, mengi huja Kenya yakiwa yamekwisha kutumika Japani. Kanuni ya KS 1515 inakataza kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Basi gari laweza kutufikia likiwa na miaka saba mgongoni, kisha sisi tunalipa miaka kumi mingine ya vumbi, joto na matuta. Mipira huzeeka. Plagi huisha. Siku mtetemo unapoanza, mwenye gari humwendea fundi na kusema tu, "Hii gari inatetemeka." Fundi asiye na subira hubadilisha plagi. Haijapona. Abadilishe koili. Haijapona. Abadilishe pampu ya mafuta. Mwishowe mwenye gari anaambiwa injini imekufa, atafute nyingine Kisumu au Nairobi, na ng'ombe anauzwa. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba mtetemo wenyewe husema umetoka wapi, ukiulizwa vizuri, kabla mtu hajanunua hata bolti moja.

MANENO KWANZA

Mwanafunzi wa Kiswahili ana bahati hapa, maana lugha yetu haina neno moja tu la jambo hili. Kutetemeka ni mtikiso mwembamba wa haraka, kama wa mtu mwenye homa ya malaria. Kutikisika ni mtikiso mnene na wa polepole zaidi, kama mti unaotingishwa ili embe zianguke. Halafu kuna kugugumia: injini inazunguka, inakosa pigo moja, inaendelea, inakosa tena, mfano wa mtu mwenye kigugumizi. Mafundi husema "inamisi". Na kuna kupanda na kushuka, pale mlio unapovimba na kunywea wenyewe, vuu-vuu-vuu, bila mguu wa mtu kwenye mafuta.

Msifikiri nachezea maneno. Tufanye hesabu kidogo. Injini nyingi za magari haya zina silinda nne, na kila silinda hupiga moto mara moja katika kila mizunguko miwili. Tuseme kwenye aidolingi injini inazunguka mara 700 kwa dakika. Hiyo ni karibu mizunguko 12 kwa sekunde. Kila mzunguko una mapigo mawili ya moto, kwa hiyo tuna mapigo 23 hivi kwa sekunde. Mapigo hayo yapo hata injini ikiwa nzima kabisa. Kazi ya kuyazuia yasifike kwenye kiti chako ni ya mipira inayobeba injini. Mipira ikikatika, utahisi mapigo 23 kwa sekunde, na mkono utaita hali hiyo kutetemeka.

Sasa tuseme silinda moja imeacha kupiga moto. Silinda hiyo ilipaswa kupiga mara 350 kwa dakika, yaani karibu mara 6 kwa sekunde. Basi mara 6 kila sekunde injini inajikwaa. Mtikiso wa mara 6 kwa sekunde mwili unauhisi kwa namna nyingine kabisa: kichwa kinacheza, chupa ya maji inayumba. Huko ni kutikisika, si kutetemeka. Kwa hiyo mama anayemwambia fundi "inatikisika na kugugumia" amekwisha kumwelekeza kwenye moto, hewa na mafuta. Na anayesema "inatetemeka tu kwa stelingi lakini mlio ni sawa" amemwelekeza kwenye mipira. Neno moja linaweza kuokoa siku nzima ya kazi.

Nafungua kidirisha hapa. Si kila mtetemo ni ugonjwa. Injini ya dizeli, kama ya Prado nyingi, hutetemeka kuliko ya petroli kwa sababu mafuta hujiwasha yenyewe kwa kubanwa sana, na pigo lake ni kali. Injini ya Forester ina silinda zilizolala chali, mbili kushoto na mbili kulia, na pistoni hutupana ngumi pande zote mbili hivyo mitikiso mingi hufutana. Mwenye Forester akianza kutikisika kidogo tu, ashtuke. Mwenye dizeli ya zamani ajiulize kwanza: je, imezidi ilivyokuwa mwaka jana?

KABLA YA KUFUNGUA BONETI

Gari lisimame mahali tambarare, handibreki juu, gia ikiwa P, au nyutro kwa gari la klachi, na mawe mawili makubwa nyuma ya magurudumu. Msiwashe injini ndani ya stoo au banda lililofungwa, maana moshi wa eksozi una kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu inayoua mtu akiwa anasinzia. Tai ya shule, shali na nywele ndefu vikae mbali na mikanda. Feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa. Na mfuniko wa rejeta usiguswe injini ikiwa moto. Wengi wamechomeka nyuso kwa kuharakisha jambo hilo.

Kisha tazama mshale wa mizunguko kwenye dashibodi, injini ikiwa imepata moto wa kutosha. Hapa ndipo njia inapogawanyika. Mshale ukitulia tuli na mlio ukiwa sawa, ilhali gari linatetemeka, injini inafanya kazi yake na lawama ni ya mipira. Mshale ukicheza, ukipanda na kushuka au ukiruka-ruka, tatizo limo ndani ya injini au katika kinacholishwa injini. Kipimo hiki hakigharimu hata senti, na nashangaa ni wangapi hukiruka.

MIPIRA INAYOBEBA INJINI

Injini haikufungwa moja kwa moja kwenye bodi. Imeketi juu ya mauntingi, mara nyingi tatu au nne, ambazo ni vipande vya chuma vilivyoshikanishwa na mpira katikati. Baadhi zina mafuta mazito ndani yake ili kuutuliza mtikiso vizuri zaidi. Ukiona uoevu mweusi umechuruzika chini ya mauntingi ya namna hiyo, ujue imepasuka.

Dalili yake kubwa katika gari la otomatiki ni hii: gia ikiwa N gari limetulia, ukiweka D huku umekanyaga breki, usukani unaanza kutetemeka. Gia ikiwa D, injini inasukuma na magurudumu yamezuiwa, kwa hiyo inajipinda na kuegemea mauntingi upande mmoja. Ili kuhakikisha, dereva akanyage breki kwa nguvu, handibreki ikiwa juu, ahamishe gia kutoka N kwenda D, kisha R, bila kukanyaga mafuta. Mtazamaji asimame kando, kamwe si mbele wala nyuma ya gari. Injini ikiinuka kidogo tu, ni sawa. Ikiruka kama mtu aliyeamshwa kwa maji baridi, mauntingi imekatika.

Barabara zetu zina mchango wake. Lami kutoka Rongo hadi Migori ni nzuri, lakini watu hawaishi juu ya lami. Ukiingia ndani, upande wa Ndhiwa au kuelekea Macalder, kila shimo ni ngumi kwa mpira uliokwisha kukakamaa. Unapobadilisha, injini ibebwe kwa jeki yenye kipande cha ubao juu yake ili chuma kisitoboe sampu, na mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Bolti zikazwe kabisa baada ya injini kukaa mahali pake pa kawaida, la sivyo mpira mpya utaanza maisha ukiwa umepindwa. Na si lazima kununua zote nne kwa sababu moja imekatika. Zikaguliwe zote, inunuliwe iliyokufa.

SILINDA INAPOGUGUMIA

Ikiwa mshale unacheza na injini inagugumia, tazama kama taa ya njano yenye picha ya injini inawaka. Ikiwaka tu, una muda wa kutafuta fundi. Ikiwa inamweka-mweka, punguza mwendo na usimame mahali salama, kwa maana petroli isiyoungua inaingia kwenye eksozi na kuungulia ndani ya katalisti, nayo inaweza kuyeyuka. Katalisti ni ghali kuliko plagi zote za maisha yako.

Magari mengi ya siku hizi yana tundu la pini 16 chini ya dashibodi ambapo fundi huchomeka mashine ya kusoma kodi. Siku hizi kuna hata vifaa vidogo vinavyoongea na simu. Kodi ya P0301 inasema silinda ya kwanza inakosa moto, P0302 ya pili, na kuendelea. P0300 inasema kukosa kunahamahama bila mpango. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Kodi inasema wapi panauma. Haisemi nunua nini. P0302 inaweza kuwa plagi, koili, injekta, waya uliolegea, au valvu isiyofunga. Anayesoma P0302 na kukimbilia duka la vipuri anafanana na daktari anayeandika dawa kwa sababu mgonjwa kasema tumbo.

Dawa ya ubishi ni kubadilishana viti. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, toa koili ya silinda ya pili uiweke ya nne, na ya nne uiweke ya pili. Futa kodi, washa tena. Kodi ikihamia P0304, mkosaji umemkamata: ni koili. Ikibaki P0302, koili haina hatia, hamisha plagi. Bado imebaki? Sasa ndipo unatazama injekta, na mwisho kabisa unapima mgandamizo wa silinda. Hakuna kilichonunuliwa mpaka hapo. Kuna mafundi wa zamani ambao huchomoa waya wa plagi injini ikiwaka wasikie mlio utabadilika vipi. Umeme wa plagi ni maelfu ya volti. Msijaribu, na kwa injini za sasa unaweza kuua hata koili nzima.

Plagi yenyewe husoma kama kitabu. Ncha ya rangi ya hudhurungi hafifu, kama chai yenye maziwa mengi, ina afya. Masizi makavu meusi maana yake mafuta yanazidi hewa. Ikiwa imelowa oili, oili inapenya kwenye silinda kupitia ringi au mihuri ya valvu. Ncha nyeupe pepe imeungua kwa joto au kwa hewa iliyozidi. Ukikuta oili nje, ndani ya shimo ambamo plagi hukaa, gasketi ya mfuniko wa valvu ndiyo inayovuja, na oili hiyo huharibu mpira wa koili. Unaporudisha plagi, ianze kwa vidole, si kwa spana. Kichwa cha injini ni cha alumini, na nyuzi zake zikipindwa mara moja ni kilio.

HEWA YA NJIA ZA PANYA

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na ndiyo inayowachenga wengi. Kila mtu wa Migori anajua kwamba bidhaa zinazopita kituo cha Isebania huhesabiwa, na zile zinazopita njia za panya hazihesabiwi. Injini nayo ina kituo chake cha forodha. Baada ya eya klina kuna sensa ndogo inayohesabu hewa yote inayoingia, na kompyuta inatoa petroli kulingana na hesabu hiyo. Sasa tuseme mpira mmoja baada ya sensa umepasuka. Hewa inaingia bila kuhesabiwa, petroli haiongezwi vya kutosha, na mchanganyiko unakuwa mwepesi kupita kiasi. Injini inagugumia na mshale unapanda na kushuka.

Mbona ukikanyaga mafuta shida inapotea? Fizikia ina jibu. Hapa kando ya Ziwa Victoria, ambalo liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni karibu kPa 88, si 101 kama Mombasa. Kwenye aidolingi, throto, yaani kile kizibo kinachoruhusu hewa kupita, kimefungwa karibu chote, na pistoni zinavuta. Shinikizo ndani ya manifoldi hushuka hadi theluthi moja hivi ya lile la nje. Hewa ya nje inasukuma kwa nguvu kupitia ufa wowote. Injini wakati huo inahitaji hewa kidogo sana, kwa hiyo hata ufa mdogo ni sehemu kubwa ya pumzi yake. Kijiko kimoja cha maji katika kikombe cha chai kitaharibu chai; katika sufuria ya harusi hakuna atakayejua. Ukikanyaga mafuta umetoka kwenye kikombe ukaenda kwenye sufuria. Kuna injini ambazo hupima shinikizo la manifoldi badala ya hewa yenyewe. Hizo zikivuja, mara nyingi mizunguko hupanda juu kuliko kawaida.

Likizo ya Agosti nilikaa siku kadhaa katika gereji moja pembezoni mwa mji wa Migori, kwa fundi wa makamo ambaye wateja wote humwita Mzee. Likaja gari limetoka Homa Bay, likapita Rodi Kopany, Rongo na Awendo. Aliyeliendesha ni mwalimu wa kike. Plagi zilikuwa mpya, koili zote nne mpya, na kwingineko alikuwa ameambiwa sasa anunue pampu ya mafuta.

"Mzee, hii gari imenimaliza," akasema kabla hata ya kushuka.

"Pole, Mwalimu. Njoo kwa kivuli kwanza. Ilianza lini?"

"Mwezi wa tano."

"Siku moja tu ama pole pole?"

"Pole pole. Kwanza ilikuwa asubuhi peke yake. Saa hii ni kila saa."

"Na ukiweka AC?"

"Hapo ndio inazidi. Inataka mpaka kuzima. Lakini nikikanyaga mafuta iko sawa. Sasa Mzee, niambie ukweli. Pesa ya pampu ndiyo ile ya karo ya kijana, na shule zinafunguliwa wiki ijayo."

Mzee hakujibu mambo ya pampu. Aliketi kwenye kiti cha dereva, akatazama mshale ukicheza kati ya 500 na 900, akakanyaga mpaka 2,000 ukatulia. Mashine ikasoma P0171 na P0300. Akaniambia niandike zote mbili kwenye daftari, kisha akauliza, "Kama ni pampu imechoka, itateseka wakati gani? Ikisimama ama ikipanda mlima?" Nikasema ikipanda mlima, maana ndipo injini inapotaka petroli nyingi. "Na Mwalimu anasema kwa mlima iko sawa," akasema, akainama chini ya boneti.

Alizima feni ya AC, akasikiliza. Kulikuwa na msonyo mwembamba, kama mtu anayevuta hewa kati ya meno. Alichukua chupa ya kupuliza maji, ile ya kunyunyizia maua, akapuliza kidogo kidogo kwenye mipira nyuma ya manifoldi, mbali na nyaya. Alipofika kwenye mpira mmoja ulioinama kuelekea ukutani, injini ilibadilisha sauti ghafla na msonyo ukakatika kwa muda. Wengine hupuliza petroli kwa kazi hii. Petroli juu ya injini moto ni moto wa gereji nzima. Maji yanatosha, na mashine ya moshi ni bora zaidi kwa aliye nayo.

Mpira ulipotolewa, ulikuwa na ufa upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Kipande kipya kilikatwa kwenye roli dukani kwa pesa ya chai na mandazi. Alipanguza pia masizi ya throto kwa kitambaa na dawa yake, swichi ikiwa imezimwa, bila kulazimisha kizibo kwa kidole, kisha akaiacha kompyuta ijifunze upya aidolingi kwa hatua ambazo kila aina ya gari ina zake. Mshale ukasimama kwenye 700.

Hata hivyo gari halikupona lote. Gia ikiwa D, usukani ulibaki na mtetemo mwembamba. Jaribio la D na R likaonyesha mauntingi ya kulia imechanika. Magonjwa mawili yalikuwa yamevaa shati moja, na hilo ndilo lililowachanganya waliotangulia. Mzee alimwambia Mwalimu kwamba hiyo ingeweza kungoja hadi mwisho wa mwezi iwapo angepita mashimo taratibu. Mwalimu alilipa, akageuza gari kuelekea Awendo, na karo ikabaki ndani ya mkoba.

MAFUTA NA MENGINEYO

Ikiwa mtikiso ulianza siku ile ile uliyojaza tangi, shuku mafuta kabla ya chuma. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili urahisi wa bei usiwavute watu kuyachanganya na dizeli au petroli. Mafuta ya taa hayageuki kuwa mvuke kwa urahisi kama petroli, hivyo injini baridi huwaka kwa shida na kugugumia, na ikibebeshwa mzigo hugonga. Tunza risiti, na usimlaumu fundi.

Eya klina iliyojaa vumbi ni rahisi kuikagua. Itoe uishike kwenye mwanga wa jua. Mgandamizo wa silinda hupimwa mwisho, kwa geji inayoingia mahali pa plagi. Kinachotazamwa zaidi ni tofauti: silinda tatu zikikaribiana na moja ikiwa chini sana, basi valvu, ringi au gasketi ya kichwa imeharibika, na hapo tu ndipo mazungumzo ya kufungua injini yanakuwa ya haki. Mkidokezewa "injini imekufa" na hakuna aliyepima mgandamizo, ulizeni kwa adabu, "Fundi, silinda zilisoma ngapi?"

ZOEZI

1. Injini ya silinda tatu inazunguka mara 900 kwa dakika. Piga hesabu ya mapigo ya moto kwa sekunde. Silinda moja ikiacha kupiga moto, injini itajikwaa mara ngapi kwa sekunde? Je, utasema inatetemeka au inatikisika?

2. Gari lina kodi ya P0303. Fundi amebadilishana koili ya silinda ya tatu na ya kwanza. Kodi imebaki P0303. Hatua inayofuata ni ipi, na kwa nini koili mpya isinunuliwe?

3. Sikiliza gari au pikipiki yoyote iliyosimama ikiwaka, ya nyumbani au ya stendi. Ieleze kwa sentensi tano, bila kutumia neno "mbaya" wala "imeharibika", ili fundi ambaye hajaiona ajue aanzie wapi.

Majibu yakabidhiwe katibu wa chama kabla ya kufunga shule. Atakayejibu la tatu vizuri zaidi, maelezo yake yatabandikwa kwenye ubao wa chama.